Debian inajenga, Ubuntu inagoma: kisa kizima cha undefined reference kwenye programu ndogo ya C

Kuna jamaa mmoja aliniletea mradi wake wa C akiwa amekasirika kweli kweli, na alikuwa na haki, manake kodi ile ile, Makefile ile ile, gcc hiyo hiyo, kwenye mashine yake ya zamani yenye Debian inajengwa bila shida, akiipeleka kwenye mashine mpya yenye Ubuntu inamwaga makosa ya kulinki, yaani hatua ya mwisho ambapo linka inaunganisha vipande vilivyokompailiwa na laibrari viwe programu moja. Alikuwa ameshatafuta huku na kule na kila anayemjibu anampa flagi mpya ya kuongeza. Naweka kisa chote hapa toka mwanzo hadi mwisho kwa sababu haya makosa yanawasumbua watu wengi sana na majibu mengi yanayozunguka ni ya kubahatisha, unaongeza hiki unatoa kile mpaka siku inakubali, halafu hujui kwa nini imekubali.

Programu yenyewe haina makuu. Faili ya kuu.c inasoma namba kutoka kwenye faili ya maandishi, takwimu.c ina fanksheni mbili, wastani() na mkengeuko(), na ripoti.c inaandika matokeo kwenye faili iliyobanwa kwa kutumia zlib, laibrari ya kubana data. takwimu.c imefanywa laibrari tuli, yaani libtakwimu.a, kwa sababu anaitumia kwenye miradi mingine pia. Makefile yake sehemu inayohusika ilikuwa hivi:

LDFLAGS = -lz -lm

changanua: kuu.o ripoti.o libtakwimu.a
	$(CC) $(LDFLAGS) kuu.o ripoti.o libtakwimu.a -o changanua

Iangalie vizuri hiyo mistari kabla hujaendelea, tatizo lote limelala hapo.

Lakini kabla ya kufika huko kulikuwa na takataka nyingine zimeshajazana juu yake. Alipoanza kujenga kwenye Ubuntu, kosa la kwanza kabisa halikuwa la kulinki, lilikuwa hili:

ripoti.c:3:10: fatal error: zlib.h: No such file or directory

Hapa anayelalamika ni kompaila, ile inayogeuza faili za .c kuwa .o, linka hata haijaitwa bado. Maana yake heda haipo. Jamaa akafanya kitu ambacho watu wengi wanafanya, akaenda kwenye mashine ya zamani akakopi zlib.h, ikadai na zconf.h kwa sababu zlib.h inaiita ndani yake, akakopi na hiyo, akaziweka kwenye folda ya mradi, akaongeza -I. kwenye CFLAGS. Kompaila ikanyamaza. Akaona ameshinda, kumbe amehamisha tatizo hatua moja mbele, sasa likaja:

/usr/bin/ld: cannot find -lz: No such file or directory

Hapa kuna kitu nataka kikae vizuri kichwani mwa yeyote anayeanza C. Heda ni tangazo tu, inaiambia kompaila kwamba kuna fanksheni inaitwa gzopen, inapokea hiki na inarudisha kile. Kodi yenyewe ya gzopen haimo mule. Kodi iko kwenye laibrari, na laibrari inatafutwa na linka, sio kompaila. Kwa hiyo ukikopi heda umetimiza nusu ya kazi, kompaila imeridhika na ahadi, linka inakuja kudai ahadi itimizwe na hakuna kitu.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba laibrari ya zlib ilikuwepo kwenye mashine! Alipoangalia ndani ya /usr/lib/x86_64-linux-gnu alikuta libz.so.1 imekaa pale. Sasa mbona linka inasema haipo? Kwa sababu -lz maana yake ni "nitafutie libz.so, ukikosa nitafutie libz.a". Haitafuti libz.so.1. Hiyo yenye .1 ni ya wakati wa kuendesha programu, inakuja na pakeji ya zlib1g ambayo iko karibu kila mashine kwa sababu programu kibao zinaitegemea. libz.so bila namba, pamoja na heda, pamoja na libz.a, vinakuja na pakeji ya waundaji, zlib1g-dev kwa Debian na Ubuntu. Wapo watakaokwambia tengeneza kiungo mwenyewe kwa ln -s na ujipatie libz.so ya kienyeji. Usifanye hivyo. Sakinisha pakeji ya -dev, unapata heda na laibrari zinazolingana vesheni.

Akasakinisha. Na hapa nilimwambia jambo moja ambalo hakulitegemea, futa zile heda ulizokopi, futa na -I. pia. Ukiziacha, kompaila itaanza na folda yako kabla ya /usr/include, kwa hiyo utakuwa unakompaili kwa heda za vesheni moja na kulinki na laibrari ya vesheni nyingine, na siku itakayoleta shida hutakumbuka kamwe kwamba kuna zlib.h mzee amejificha kwenye mradi. zlib wenyewe wanaijua hii hatari, ndio maana kwenye heda kuna ZLIB_VERSION na kwenye laibrari kuna fanksheni zlibVersion(), unaweza ukazilinganisha ukaona kama zinaongea lugha moja.

Sasa ndio tunafika kwenye kosa lenyewe. Baada ya kusakinisha, make ikatoa hii:

/usr/bin/ld: ripoti.o: in function `andika_ripoti':
ripoti.c:(.text+0x2b): undefined reference to `gzopen'
ripoti.c:(.text+0x5e): undefined reference to `gzprintf'
ripoti.c:(.text+0x6a): undefined reference to `gzclose'
/usr/bin/ld: libtakwimu.a(takwimu.o): in function `mkengeuko':
takwimu.c:(.text+0xd4): undefined reference to `sqrt'
collect2: error: ld returned 1 exit status

Watu wanasoma mstari wa mwisho, wanabandika "ld returned 1 exit status" kwenye kitafutio, na wanapata majibu elfu moja yasiyowahusu. Huo mstari hausemi chochote, unasema tu linka imeshindwa. Habari iko juu. Kila kosa la aina hii linakupa vitu viwili, nani ameomba na ameomba nini. Hapa ripoti.o imeomba gzopen na wenzake, takwimu.o iliyo ndani ya libtakwimu.a imeomba sqrt. Swali linalobaki ni nani anazo hizo fanksheni, na je, huyo mwenye nazo aliulizwa baada ya ombi kutolewa au kabla.

Jamaa kwa wakati huo alikuwa ameshajaribu -L/usr/lib, ameshaweka LD_LIBRARY_PATH, ameshaandika -lz mara mbili mfululizo mule mule kwenye LDFLAGS, ameshasakinisha pakeji upya. Hakuna hata moja lingeweza kusaidia, na unaweza kujua hivyo kabla hata ya kujaribu. Ukiona "cannot find -lz" ndio tatizo la njia, linka haijui laibrari iko wapi, hapo -L ina maana. Ukiona "undefined reference" bila "cannot find", basi kila laibrari uliyoitaja kwa -l imepatikana, kwa hiyo kuongeza njia ni kupoteza muda. Na LD_LIBRARY_PATH ni ya kipakiaji kinachoendesha programu ikishajengwa, kama unataka mazingira yanayomsaidia gcc kutafuta laibrari wakati wa kulinki hiyo inaitwa LIBRARY_PATH, ni kitu kingine.

Ili asiniamini kwa mdomo tu tukaithibitisha:

gcc -lz -lm kuu.o ripoti.o libtakwimu.a -o changanua -Wl,--verbose | grep succeeded

--verbose inamwaga maandishi mengi sana ndio maana kuna grep, lakini kwenye kilichobaki utaona linka imefungua libz.so na imefanikiwa. Imeipata, imeifungua, halafu bado inasema gzopen haijulikani. Hapo ndipo jamaa alinyamaza kidogo akasema, "Sasa hii ni uchawi kaka."

Sio uchawi, ni mpangilio. Tukaangalia pande mbili kwa nm, komandi inayoorodhesha majina yaliyomo ndani ya faili. Kwanza mwombaji:

nm ripoti.o | grep gz

Ikaleta majina matatu na kila moja lina U mbele yake, U ni kwamba hii faili inalihitaji lakini hainalo. Halafu mwenye mali:

nm -D /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libz.so | grep gzopen

Hapo gzopen ina T, yaani imo humu na kodi yake ipo. Ukifanya hivyo kwa sqrt ndani ya libm.so.6 usishangae ukikuta W badala ya T, nayo ni sawa, ipo. Kwa hiyo jina ni lile lile, herufi kwa herufi, mwombaji yupo na mwenye mali yupo. Kama majina yangekuwa yanatofautiana tungekuwa kwenye kisa kingine, mfano umelikosea jina, au ni kodi ya C++ inayoita fanksheni ya C bila extern "C", ambapo kosa linaonyesha jina likiwa na mabano na aina za vigezo, kama `wastani(double const*, int)'. C tupu haionyeshi mabano hivyo, kwa hiyo ukiyaona tu ujue pa kuangalia.

Linka inafanya kazi hivi. Inasoma mstari wa komandi kutoka kushoto kwenda kulia, na mkononi ina daftari la madeni. Ikifika kwenye faili ya .o inaichukua yote, inaandika kwenye daftari kila jina linalohitajika na kufuta yale ambayo faili imeyalipa. Ikifika kwenye laibrari tuli ya .a inafungua daftari, inauliza "kuna deni lolote hapa ambalo hii laibrari inaweza kulipa?", inatoa zile .o tu zinazolipa, inaendelea mbele na hairudi nyuma. Kama daftari ni tupu wakati inapita, haichukui kitu. Sasa angalia mstari wa jamaa, -lz na -lm ziko mwanzo kabisa, kabla ya faili yoyote. Linka inapita kwa zlib wakati daftari halina hata jina moja, inapita kwa libm hivyo hivyo, ndipo inafika kwa ripoti.o na takwimu.o ambazo zinaandika madeni, na mpaka mstari unaisha hakuna wa kuyalipa.

Sawa, lakini mbona Debian ilikubali? Hapa ndipo kisa kinanoga. Hiyo sheria niliyoeleza ni ya laibrari tuli. Kwa laibrari shirikishi, zile za .so, kwa kawaida linka inaiingiza nzima hata kama hakuna aliyeihitaji mpaka hapo, na majina yake yote yanabaki yanajulikana mpaka mwisho, kwa hiyo mpangilio mbaya unasamehewa. Lakini kuna flagi inaitwa --as-needed inayoiambia linka ifanye kwa .so kama inavyofanya kwa .a, yaani kama mpaka hapo hakuna anayekuhitaji sikuchukui. Ubuntu walimfanya gcc wao aipitishe hiyo flagi kwa chaguo-msingi tangu toleo la 11.10, mwaka 2011. Debian hawaipitishi. Tofauti yote ya mashine mbili ni hiyo tu.

Ukitaka kuiona kwa macho ongeza -v mwishoni mwa komandi ya kulinki kwenye mashine zote mbili, tafuta mstari mrefu wenye collect2, hapo ndipo gcc inapoiita linka. Usidanganyike na --as-needed iliyo mwishoni karibu na -lgcc_s, hiyo iko kote kote na inahusu laibrari ya gcc yenyewe tu. Ubuntu ina nyingine zaidi, iko mwanzo mwanzo kabla ya faili zako, hiyo ndiyo yenyewe. Na kuthibitisha kwamba ndiyo chanzo tukaizima kwa muda:

gcc -Wl,--no-as-needed -lz -lm kuu.o ripoti.o libtakwimu.a -o changanua

Ikajengwa palepale. Jamaa akataka kuiweka hiyo kwenye Makefile na kwenda zake. Nikamwambia hapana, hiyo ilikuwa ya kupima tu, ukiiacha umeficha ugonjwa. Rudi kwenye Debian yako unayoisifia uongeze -static kwenye mstari wako wa zamani, uone. Akaenda akajaribu, na Debian nayo ikamwaga makosa yale yale ya gzopen na sqrt, kwa sababu kwa -static laibrari zote zinakuwa .a na msamaha hakuna. Mstari wake ulikuwa na makosa kila mahali toka siku ya kwanza, Debian ilikuwa inaubeba tu.

Suluhisho lenyewe ni dogo. Faili zako kwanza, laibrari zako zinafuata, laibrari za sistimu mwishoni, anayehitaji anatangulia anayehitajiwa:

CFLAGS = -Wall -Wextra -g
LDLIBS = -lz -lm

changanua: kuu.o ripoti.o libtakwimu.a
	$(CC) $(LDFLAGS) $^ $(LDLIBS) -o $@

libtakwimu.a: takwimu.o
	ar rcs $@ $^

Kilichobadilika sio mpangilio peke yake, ni jina pia. Kwenye GNU make LDFLAGS ni ya vitu kama -L na -Wl, na kanuni zake za ndani zinaiweka kabla ya faili. LDLIBS ndiyo ya -l na inawekwa baada ya faili. Ukiweka -l ndani ya LDFLAGS, hata ukiiachia make ifanye yenyewe bila kuandika komandi, utaangukia shimo lile lile. Nadhani Makefile nyingi zinazogoma Ubuntu zinagoma kwa hili tu. Ukipenda kutumia pkg-config, komandi inayokupa flagi za laibrari yenyewe, weka LDLIBS = $(shell pkg-config --libs zlib) -lm, ni nzuri hasa laibrari zikiwa nyingi, ila nayo matokeo yake lazima yakae mwishoni.

Kuhusu -lm nina neno, manake jamaa alibishana kwamba sqrt haihitaji laibrari yoyote, alishawahi kujaribu programu yenye sqrt(16.0) ikajengwa bila -lm. Ni kweli ilijengwa. gcc ikiona namba imeandikwa wazi pale inakokotoa yenyewe wakati wa kukompaili, inaandika 4.0 na fanksheni haiitwi kabisa, hakuna deni. Ukiweka sqrt(x) ambapo x imesomwa kutoka kwenye faili, wito unabaki na libm inahitajika. Wengine wamesikia pia kwamba glibc, laibrari ya msingi ya C kwenye Linux, imeunganisha laibrari zake, hiyo ni kweli kwa pthread na dl, tangu glibc 2.34 ya mwaka 2021 ziko ndani ya libc yenyewe, lakini libm imebaki peke yake, -lm bado unaiandika.

Tulidhani tumemaliza, kumbe alikuwa na mpango wa kuigeuza takwimu iwe laibrari shirikishi ili miradi yake yote iishiriki. Akaikompaili takwimu.c kwa -fPIC, akaunganisha kwa gcc -shared takwimu.o -lm -o libtakwimu.so, hapo alifanya vizuri kuweka -lm ndani ya laibrari yenyewe kwa sababu ndiyo inayoihitaji. Makefile akabadilisha ikawa -L. kwenye LDFLAGS na -ltakwimu mwanzo wa LDLIBS. Ikajengwa safi. Akaiendesha:

./changanua: error while loading shared libraries: libtakwimu.so: cannot open shared object file: No such file or directory

Anaona jina la laibrari, anaona "No such file", anarudi kwenye Makefile kupanga panga -l upya. Usirudi huko, linka imeshamaliza kazi yake na haihusiki tena. Huyu anayelalamika ni kipakiaji, na yeye haijui -L yako, -L iliisha pale programu ilipojengwa. Andika ldd ./changanua utaona libz.so.1 na libc.so.6 zina njia kamili, libtakwimu.so imeandikiwa "not found". Ukitaka kujaribu haraka, LD_LIBRARY_PATH=. ./changanua inatosha, na hapa ndipo kile kigeu cha mazingira alichokiweka mapema kingekuwa na kazi. Kama laibrari ni ya mashine nzima iweke /usr/local/lib halafu uendeshe sudo ldconfig, watu wanasahau hiyo ldconfig wanabaki wanashangaa. Kwa mradi unaotembea pamoja na laibrari yake mimi napendelea kuandika njia ndani ya programu yenyewe:

LDFLAGS = -L. -Wl,-rpath,'$$ORIGIN'

$ORIGIN ni folda ilipo programu, popote utakapoihamishia, kwa hiyo ukibeba folda nzima inaendelea kufanya kazi. Dola mbili ni kwa sababu ya make, ukiweka moja make inaimeza, na nukuu moja moja zinaizuia shell isiitafsiri. Akiweka dola moja programu inajengwa bila onyo lolote na bado inagoma kuendeshwa, na alifanya hivyo hivyo. Tukaangalia:

readelf -d changanua | grep -E 'NEEDED|RUNPATH'

RUNPATH ilikuwa imeandikwa RIGIN, make ilisoma $O kama jina la kigeu kisichokuwa na kitu ikabakiza herufi zilizofuata. Akaongeza dola ya pili, akajenga tena, safari hii RUNPATH ikasoma $ORIGIN kamili, programu ikaandika ripoti yake kwenye mashine zote mbili.